Diski kubwa ya nje kwa kompyuta ya nyumbani: tazama umeme kwanza, kasi baadaye

Ukiingia duka la kompyuta Arusha mjini au Moshi, maneno mengi yatakuwa ya kasi. Yaache. Diski ya sahani zinazozunguka huandika kati ya megabaiti 100 na 250 kwa sekunde, na USB 3.0 ya kawaida, ile ya gigabiti 5, inaimudu na nafasi inabaki. Ukilipia Thunderbolt, tundu la kasi kubwa zaidi na la bei, kwa diski moja ya namna hii, umemnufaisha muuzaji tu. Tahadhari ni tundu la USB 2.0, ambalo halizidi megabaiti 35 hivi: kunakili terabaiti 4 hapo ni zaidi ya saa 30, wakati kwenye 3.0 zinatosha saa saba au nane.

Kinachoua diski huku kwetu ni umeme: mdogo kuliko inavyohitaji, au uliokatika katikati ya kuandika. Tumezipanga njia hizi kwa kigezo hicho.

1. Kasha la inchi 3.5 lenye adapta yake

Unanunua kasha tupu, unanunua na diski ya mezani ya SATA (kiunganishi cha kawaida cha diski za ndani ya kompyuta), unafunga mwenyewe kwa bisibisi. Kwa terabaiti 6 na kuendelea hii ndiyo namba moja, kwa kuwa kinachokufa ndicho kinachobadilishwa. Adapta ikiungua unanunua adapta. Bodi ya kasha ikifa, diski inahamia kasha jingine.

Adapta ndiyo roho ya kifaa hiki. Diski ya inchi 3.5 ikishazunguka hula wati 6 hadi 10 hivi, lakini sekunde zile za kuanza kuzunguka inaweza kutaka karibu ampea 2 kwenye volti 12. Soma kibandiko: 12V 2A au zaidi. Mtego ni kwamba adapta za ruta nyingi zina pini inayoingia barabara kabisa, nazo ni 12V 1A au hata 9V. Ukichomeka hiyo, diski itavuma, itasita, itatoa mlio wa tik, kisha itaanza upya. Wapo wanaoikimbiza kwa fundi wakidhani imekufa, kumbe ina njaa tu. Adapta ya laptopu ni hatari zaidi: volti zake 19 zinaweza kuunguza bodi papo hapo. Siku ileile unayonunua, chukua kalamu ya maka uandike DISKI juu ya adapta.

Muulize pia muuzaji kama kasha linasoma zaidi ya terabaiti 2, maana ya zamani mengi hayavuki hapo. Dalili yake: diski ya 3TB inaonekana kuwa ya 746GB. Usilichanganye hilo na hesabu ya Windows, ambayo huonyesha 8TB kama 7.27. Hapo hujapunjwa.

Doki, ile ambayo diski husimama wazi kama mkate kwenye tosta, inafanya kazi ileile. Lakini vumbi la kiangazi linaikalia, na mtoto akiigonga wakati inazunguka, kichwa cha kusomea kinaweza kukwaruza sahani. Kwa nyumba yenye watoto, hapana.

2. Diski ya mezani iliyofungwa kiwandani

Umeme wake ni uleule wa namba moja, na huna cha kufunga. Imeshuka nafasi moja kwa sababu baadhi husimba data, yaani huigeuza kuwa fumbo, kwenye bodi ya kasha: bodi ikifa, diski iliyo ndani, hata ikiwa nzima, haisomeki kwenye kasha jingine. Angalia pia plagi. Ikiwa ni ya pini mbili bapa, adapta yenyewe haina shida mradi imeandikwa 100–240V. Shida ni kibadilisha plagi kinacholegea kwenye soketi, kikizima diski kila mtu anapopita karibu na meza.

3. Diski ndogo ya inchi 2.5

Nyingi zinaishia terabaiti 5. Haina adapta, inanyonya umeme kwenye USB: ampea 0.9 kwa tundu la 3.0, ampea 0.5 tu kwa 2.0. Ndiyo maana ikichomekwa mbele ya kompyuta ya mezani, kupitia waya mrefu mwembamba au habu isiyo na adapta, inaonekana na kupotea. Chomeka nyuma, moja kwa moja kwenye bodi, kwa waya mfupi uliokuja nayo.

Uzuri wake ni kwa mwenye laptopu: umeme ukikatika, diski inaendelea kwa betri ya laptopu. Ubaya wake ni kwamba nyingi za ukubwa huu hupunguza mwendo sana ukizimiminia mamia ya gigabaiti kwa mkupuo, na baadhi zina tundu la USB lililochomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe. Tundu likivunjika, huna pa kuihamishia.

Wanaopandisha wageni mlimani wajue jambo moja: diski nyingi za kuzunguka zimeruhusiwa hadi mita 3,050 hivi, kwa sababu kichwa chake huelea juu ya hewa. Kwenye Kilimanjaro, kambi ya Mandara iko chini ya hapo, ya Horombo iko juu. Huko beba SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka.

4. Diski ya mtandao, NAS

Hii huchomekwa kwenye ruta badala ya kompyuta. Kwa waya wa mtandao wa gigabiti moja unapata megabaiti 110 kwa sekunde, kwa Wi-Fi mara nyingi pungufu. Inawaka saa 24, kwa hiyo bila UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, usiiguse. Kwa kompyuta moja ni gharama bure.

Usinunue kabisa

«SSD ya terabaiti 16», nyepesi kama kiberiti, kwa bei ya simu ya batani. Ndani huwa ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kudanganya ukubwa. Faili zinaingia, majina yanaonekana, yaliyomo hayapo. Programu ya kupimia iitwayo H2testw inaiumbua.

Dukani, kisha nyumbani

Diski iliyotumika ipime kwa CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, kabla ya kulipa. Mistari ya 05 na C5, inayohesabu sehemu zilizoharibika au zinazotiliwa shaka, iwe sifuri, na saa za kuwaka uzilinganishe na maneno ya muuzaji. «Imetumika kidogo» yenye saa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu bila kuzimwa.

Nyumbani, Windows ikiuliza diski igawanywe kwa mfumo gani, chagua GPT, si MBR, kwa chochote kinachozidi terabaiti 2. Ukitumia Windows peke yake, fomati NTFS: inaweka daftari la mabadiliko, hivyo umeme ukikatika ina pa kuanzia kujirekebisha. exFAT haina daftari hilo. Ichague tu ikiwa kuna Mac nyumbani.

Mwisho UPS. Baadhi zina soketi za betri na soketi za kinga tu, zisizoshikwa na betri, na adapta ya diski mara nyingi huishia upande usiofaa. Nakala zote zikiwa zimekamilika, zima swichi ya ukutani usikilize. Diski ikinyamaza wakati skrini bado inawaka, hamisha adapta.