Kozi ya kwenda Uingereza pale Wandegeya: lipia Jumamosi ya pili, ya tatu baki nyumbani

Kila wiki kuna mtu anayeniuliza dukani, hasa wale vijana wanaotoka Goma na Bunia kuchukua mzigo: "Dada, ile kozi uliyosoma ya kujiandaa kwenda kufanya kazi Uingereza ina faida, au ni kula pesa za watu tu?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, yeyote atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

Mimi naweka hesabu kwenye duka la vipuri Kisekka, hapa Kampala. Shokomzoba, bushi, taa za Premio, hivyo ndivyo vinavyonilisha. Kiswahili sikukipata darasani, nimekulia landi za reli Tororo, zile nyumba za wafanyakazi, na babu yangu alikuwa karani wa reli tangu enzi za Jumuiya ile ya kwanza ya Afrika Mashariki. Nina miaka 26, diploma ya uhasibu, na binamu aliyeondoka mwaka 2023 kwenda Uingereza kufanya kazi ya kutunza wazee, ile tunayoiita kea. Huyo binamu ndiye aliyenitia hamu, halafu ndiye huyohuyo aliyenitia hofu. Nitamfikia.

Ofisi sitaitaja jina. Iko Wandegeya, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, na chini kuna kijana wa kikomando, chapati ya kukatwa na maharagwe, ambaye maharagwe yake ni mazuri kuliko chai wanayokupa juu. Kozi ni Jumamosi tatu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane. Nililipa shilingi 380,000, na juu yake 50,000 ya "fomu". Hiyo fomu ni karatasi moja, upande mmoja. Tulikuwa watu 19 na viti 16.

Mlangoni kuna bango kubwa: nesi anamkumbatia bibi wa Kizungu, chini yake maneno kwamba nafasi za kea bado zipo. Likumbuke hilo bango.

Mwalimu wa Jumamosi mbili za kwanza ni mama mmoja aliyekaa Leicester miaka sita akarudi kwa hiari yake. Tulimwita Madamu. Aliingia, hakusalimia sana, akachukua chaki akaandika tarehe nne ubaoni: 31 Januari 2020, 15 Februari 2022, 11 Machi 2024, 22 Julai 2025. Akapangusa mikono. "Hii ndiyo kozi yote," akasema. "Anayetaka pesa yake arudishiwe, asimame sasa." Kijana mmoja mwenye jezi ya Arsenal alisimama kweli, akaenda kwa keshia. Alirudi baada ya dakika kumi, akaketi. Hakurudishiwa kitu.

Zile tarehe alizifungua hivi. Ya kwanza ni siku Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya. Kabla ya hapo kijana wa Poland au Romania alikuwa anashuka na kitambulisho chake, anatafuta kazi, anatafuta chumba, hakuna wa kumuuliza kibali. Kuanzia Januari 2021 yule kijana akapangwa foleni moja na sisi. Nyumba za wazee zikakosa watu, ndipo tarehe ya pili ikaja: kea wakawekwa kwenye orodha ya kazi zenye uhaba, na watu wetu wakaanza kuuza viwanja. Ya tatu, kea wakakatazwa kwenda na mume, mke au watoto. Ya nne, mlango ukafungwa. Anayeomba kazi ya kea kutoka nje hapokelewi tena. Na hizo kazi nyingine za ujuzi, kwa kawaida sasa wanataka iwe kazi ya kiwango cha digrii na mshahara usiopungua pauni 41,700 kwa mwaka. Zidisha mwenyewe kwa bei ya pauni ya leo, halafu uangalie diploma yako.

Nilihesabu: kutoka tarehe ya pili hadi ya nne ni miaka mitatu na miezi mitano. Mlango wote ndio huo. Sisi tumekuja kusomea namna ya kuupita ukiwa tayari umefungwa, na tumelipia.

Kitu kingine alichotufundisha, ambacho sijawahi kukisikia kwa ajenti yeyote wa mjini hapa: Uganda imo kwenye orodha nyekundu ya Uingereza. Ni orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, inayofuata ile ya Shirika la Afya Duniani. Mwajiri au wakala wa Uingereza haruhusiwi kuja hapa kuwinda manesi na kea. Mtu binafsi anaweza kuomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri, hilo ni sawa, lakini wa kuja na mabango na kukusanya watu anakwenda kinyume na mwongozo wa Uingereza wenyewe. Aliposema "mabango" wote tuligeuka kuangalia mlangoni. Madamu hakugeuka.

Jumamosi ya pili ndiyo iliyonifanya niandike.

Tulikuta viti vimesukumwa ukutani. Madamu alikuwa amepiga magoti na utepe mwekundu wa kufungia maboksi, anabandika sakafuni. Mita 2.1 kwa mita 3.1. Alipomaliza akasema: hiki ni chumba. Nchini England, tangu Oktoba 2018, nyumba ya kupanga kwa pamoja yenye leseni hairuhusiwi kumlaza mtu mzima mmoja kwenye chumba kilicho chini ya mita za mraba 6.51. Hizo hapo. Ingieni.

Tukaingia mmoja mmoja. Aliweka godoro la futi tatu, kiti kimoja, begi la kilo 23 lililojazwa magazeti, na ndoo akisema hiyo ni hita. Zamu yangu ilipofika nililala chali. Mkono wa kushoto uligusa begi, wa kulia ukawa juu ya kiti. "Sasa fungua mlango," Madamu akaniambia. Nikauliza mlango uko wapi. "Unafunguka kuelekea ndani," akasema, akasukuma kiti na mguu wake kuonyesha. Darasa zima lilicheka, mimi nikawa bado nimelala pale natazama feni.

Muzigo wangu wa Kireka, chumba kimoja cha kupanga, ni futi 10 kwa 10, mita za mraba 9 na ushei. Ina maana chumba ninachokilalamikia kila siku, chenye choo cha nje na jirani anayepika samaki saa tano usiku, ni kikubwa kuliko hicho. Sikuwahi kulifikiria. Kila aliyeko huko hupiga picha akiwa nje, kwenye theluji. Ya kitandani hawatumi.

Halafu akaingia kwenye kanuni zenyewe, na hapa alikuwa hodari. Dhamana ya nyumba huko, kwa kodi za kawaida, haizidi kodi ya wiki tano, na ni kosa kukutoza zaidi (hapa Kampala mwenye nyumba anataka miezi mitatu mbele na dalali naye anataka wake wa kukuonyesha geti). Tangu 2016 mwenye nyumba wa England lazima ahakikishe una haki ya kukaa nchini kabla hajakupa ufunguo, kwa hiyo unatoa msimbo wako kwenye mtandao wa serikali, yeye anaingia anaangalia. Asipoona kitu, hupati chumba hata ukiwa na pesa mkononi. Wengine wanataka mdhamini anayeishi hukohuko. Wewe umefika jana, mdhamini utamtoa wapi? Basi vijana wengi wanakubali chumba cha mwajiri.

Hapo Madamu aliacha mzaha. Alichukua kamba ya katani akafunga vitu vitatu: pasipoti yake ya zamani, ufunguo, na beji ya kazi. Akashika beji, akaiachia idondoke mezani. Vingine vikafuata. "Mwajiri akipoteza leseni," akasema, "hiki na hiki na hiki vinakwenda pamoja."

Ndiyo habari ya binamu yangu hiyo. Mwajiri wake alinyang'anywa leseni ya kuleta wageni. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 za sekta ya kea, kwa hiyo hakuwa peke yake. Akapewa siku 60 atafute mwajiri mwingine au aondoke. Chumba kilikuwa cha mwajiri. Siku ya tatu alikuwa sebuleni kwa Mganda mwenzake, kwenye kochi, na kwenye simu akimwambia shangazi kwamba kazi ni nzuri ila kuna baridi tu.

Na babu yangu angemwelewa Madamu upesi kuliko sisi wote. Landi ni nyumba ya kazi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 reli nayo ikagawanywa, kila nchi na yake, na mdogo wake babu aliyekuwa karakana ya Nairobi akaambiwa Mganda aende reli ya Uganda. Alirudi Tororo na kitanda cha chuma na watoto wanne, wakakaa kwetu kwenye vyumba viwili. Bibi alikuwa akisimulia jambo hilo kwa hasira ya kitanda, kwamba kilizuia mlango wa jikoni mwaka mzima. Wakubwa walikuwa wamegombana kwenye meza zao.

Kabla ya kumaliza, kijana wa jezi ya Arsenal aliuliza swali zuri: vijana wa Kiingereza wenyewe walifaidi nini kwa kutoka Umoja wa Ulaya? Madamu akasema aliishi nyumba moja na kijana wa huko ambaye zamani kila kipupwe alikuwa anakwenda Ufaransa kufanya kazi kwenye hoteli za milima ya theluji, anarudi masika. Baada ya 2021 akawa anahitaji kibali kama sisi. Bila kibali ni siku 90 za kutembea ndani ya kila siku 180, na hakuna kufanya kazi. Waliishia kugawana friji, rafu ya juu yake, ya chini ya Madamu. Sasa serikali yao inazungumza na Ulaya kuhusu mpango wa vijana kwenda na kurudi. Sisi kwenye mpango wao wa vijana uliopo, ule wa kina Australia na Japani, Uganda haimo. Basi.

Jumamosi ya tatu nitaipita haraka kwa sababu haistahili. Madamu hakuja. Alikuja kijana wa tai, na projekta iliyokataa kuwaka hadi saa nne. Tuliambiwa ni siku ya mazoezi ya usaili. Nilifanya usaili kwa dakika nne, akaniuliza udhaifu wangu ni upi, nikamwambia ni kulipa ada kabla ya kuuliza maswali. Hakuandika. Kisha yakaja yaliyomleta: fomu za mkopo wa "maandalizi ya safari", rehani ni hati ya kibanja cha mzazi. Safari ya kwenda wapi? Akasema mashamba ya matunda ya msimu, au "kea ikifunguliwa". Kibali cha msimu ni cha miezi sita, kaka. Mkopo wake ulikuwa wa miezi 24. Mimi naishi kwa hesabu, usiniletee hesabu kama hiyo. Watu wawili walichukua fomu, mmoja wao binti wa Mbale ambaye Jumamosi iliyotangulia alilala ndani ya ule utepe kama sisi.

Niliomba 50,000 yangu ya fomu irudi, nikaambiwa meneja yuko kijijini. Hadi leo yuko kijijini. Bango nalo bado lipo, nililipita juzi.

Kwa hiyo: Jumamosi ya kwanza nyota nne, ya pili tano, ya tatu sitoi hata moja. Ukienda, waambie unataka siku mbili za Madamu tu, usikubali kulipia ya tatu, na chai kanywe chini. Usiende na hati ya mtu yeyote kwenye mkoba. Kama wewe ni nesi mwenye usajili au una digrii, una la kuuliza pale na Madamu atakujibu ukweli hata kama unauma. Kama una diploma kama yangu, unakwenda kununua jibu la hapana lililoelezwa vizuri. Kwangu mimi jibu hilo lilikuwa na thamani ya pesa, ingawa si 380,000.

Sijaenda Leicester. Mwezi uliopita nilipanda basi la usiku kwenda Kigali, kwa kitambulisho cha taifa tu, kumwona mteja wetu mmoja anayetaka mtu wa hesabu. Kibali cha kazi kule Mganda hatozwi ada. Bado tunaongea mshahara, na vyumba vya Kigali nimeviona, bei yake si ya mchezo.

Utepe uliobaki Madamu alinipa. Nimeubandika sakafuni Kireka, 2.1 kwa 3.1, unaanzia dirishani. Mdogo wangu anapokuja kutoka Tororo namtandikia humo. Anasema panatosha kabisa, huku miguu yake iko nje ya mstari.