Kumuuguza mama Tanga: kwenye zamu tunashirikishwa, kwenye raundi tunatolewa nje

Mama yangu ana kisukari cha miaka mingi, na mwezi uliopita alilazwa kwa kidonda cha mguu katika hospitali moja hapa Tanga mjini. Mimi ndiye niliyekuwa nalala naye wodini. Naandika kwa sababu nilikuta jambo ambalo kwingine sijaliona: manesi wanakabidhiana zamu pale pale kitandani, mgonjwa na ndugu yake wanasikia, si kule kwenye meza yao.

Anayetoka na anayeingia wanasimama ubavuni na faili. Wanataja jina, kilichomleta, dawa alizopewa usiku, sukari ilisoma ngapi. Kisha anayeingia anamgeukia mama: "Shikamoo bibi. Kuna walichosahau hawa?" Mara ya kwanza mama alinitazama tu, akaogopa kujibu. Kesho yake akasema mwenyewe kwamba kile kidonge cheupe kikubwa kinamvuruga tumbo akikinywa kabla ya kula. Kumbe kwenye chati hapakuandikwa anywe baada ya chakula. Wakaandika hapo hapo kwa wino mwekundu.

Sista mmoja alinifundisha dalili za sukari kushuka: jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno yasiyoeleweka. "Ukiona hata moja usinionee haya, niite, hata kama ndiyo kwanza nimekaa." Usiku mmoja mama akaniuliza kama baba amesharudi kutoka Pangani. Baba tulishamzika zamani. Nikamgusa shingo, imelowa. Nikaita. Kipimo kikasoma 3.1, sukari imeshuka. Akapewa maji ya sukari, baada ya robo saa wakampima tena, ikawa imepanda. Asingenifundisha, ningesema ni uzee tu.

Sasa raundi. Daktari akiingia, mlinzi anapiga makofi: "Ndugu wote nje!" Tunajipanga barazani na machupa yetu ya uji. Huko ndani dozi zinabadilishwa, habari ya kukata kidole au kukiacha inazungumzwa, na anayeambiwa ni mama ambaye sikio moja halisikii vizuri. Tukirudi namuuliza daktari kasema nini. "Kasema naendelea vizuri." Taarifa yote ndiyo hiyo! Najua wodi ni ndogo na siri za wagonjwa wengine lazima zilindwe, lakini ndugu mmoja tu, wakati daktari yupo kwenye kitanda cha mgonjwa wake, ataharibu nini?

Uingereza jambo hili wamelijua kwa uchungu. Binti wa miaka 13, Martha Mills, alianguka na baiskeli (sisi wa mji wa baiskeli tunaelewa), kongosho likaumia, na mwaka 2021 akafariki kwa maambukizi makali baada ya wasiwasi wa wazazi wake kupuuzwa. Mwaka 2024 hospitali za huko zikaanza utaratibu wenye jina lake: ndugu akiona mgonjwa anazidiwa na hasikilizwi, ana haki ya kuita timu nyingine ije imwangalie upya haraka. Shirika la Afya Duniani nalo liliifanya Siku ya Usalama wa Mgonjwa, 17 Septemba 2023, kuwa ya kuwashirikisha wagonjwa, na linasema jambo hilo likifanywa vizuri madhara yanaweza kupungua hadi asilimia 15. Hawa manesi wetu wameshaanza, tena bila gharama yoyote. Waliobaki ni madaktari.

Sanduku la maoni lipo, kufuli lake limeota kutu. Nilipouliza ufunguo uko kwa nani, kila mtu alinionyesha mwenzake. Dirisha la dawa, kwa upande mwingine, safi kabisa: siku ya kuruhusiwa, dada wa pale hakunikabidhi mfuko mpaka nikamtajia kwa mdomo wangu kila dawa inanywewa lini.

Wauguzi nawapa nyota tano. Raundi, mbili, na hapo nimewahurumia.

Ukimpeleka mgonjwa, beba dawa zote anazotumia nyumbani, hata za mitishamba, uwaonyeshe. Na ongea mapema na muuguzi mkuu wa wodi kuhusu raundi. Mimi nilimwomba, siku za mwisho akaniruhusu nisimame mlangoni. Nilisikia nusu, maana feni ya mle ndani ina kelele kama ya mashine ya kusaga.