Kununua Kitu cha Kale: Anza na Sarafu ya Shaba, Bamba la Iraki Liache

Vitu vidogo vya matumizi ya kila siku vya Waroma na watu wengine wa kale bado vinauzwa, na vingine bei yake haitishi. Kinachowashinda wanunuzi wapya ni kujua kama kitu ni halisi, na kama kilitoka kwao kihalali. Ndiyo maana sikuvipanga hapa kwa uzuri. Cha juu ni kile ambacho mgeni anaweza kukipata kikiwa cha kweli na karatasi zake safi.

1. Sarafu ndogo za shaba, karne ya 4

Hapa sisiti. Za Konstantino, kaisari wa Roma, na wanawe zilipigwa kwa wingi mno, hivyo inayosomeka vizuri hupatikana kwa takriban dola 20 hadi 40. Tafuta yenye maneno GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi: askari wawili wamesimama, bendera za jeshi katikati yao. Za mwanzo zina bendera mbili. Uzito wa sarafu ulipopunguzwa katikati ya miaka ya 330, ikabaki moja. Weka zote mbili kiganjani uone jinsi pesa ilivyokonda. Chini ya miguu ya askari kuna herufi za mji ilikopigwa: CONS ni Konstantinopoli, SMAN ni Antiokia. Kwenye sarafu za mapema kidogo utakuta PLON, yaani London, ambako upigaji ulikoma mwaka 325. Wauzaji huzipandishia bei hizo.

Kagua ukingo. Mstari wa kiungo, au vitundu vya mapovu usoni, ni dalili kwamba imemiminwa kwenye kalibu, ilhali Waroma walizipiga kwa nyundo. Ukiona unga wa kijani hafifu unaochomoza, shaba bado inaliwa, irudishe. Na usiing'arishe! Ile rangi nzito ya kahawia au kijani ni sehemu ya thamani yake. Mifuko ya sarafu "zisizosafishwa" ipite tu: nzuri zimeshachambuliwa, na hakuna wa kukuambia zilichimbwa wapi.

2. Bizimu za shaba kutoka Uingereza

Ni pini za kufungia vazi. Zimeshika nafasi ya pili kwa sababu tangu 1997 kuna mpango uitwao Portable Antiquities Scheme, unaosajili vitu ambavyo raia huviokota mashambani. Kilichosajiliwa kina namba, na unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye hifadhidata yao bila malipo. Kama uko nje ya Uingereza, uliza kibali cha kukitoa nchini kabla ya kulipa.

3. Taa za udongo

Aliyekua na koroboi hahitaji maelezo: tundu la mafuta, mdomo wa utambi. Muhuri FORTIS chini ya taa ulikuwa wa kiwanda cha Italia ya kaskazini, ila uliigwa majimboni enzi zilezile, kwa hiyo usiulipie zaidi. Masizi yanayofutika kwa kitambaa kibichi yanatia shaka.

4. Vichupa vya kioo

Huuzwa kwa jina la "vichupa vya machozi". Vilikuwa vya manukato na mafuta. Zile rangi za upinde wa mvua ni kioo kilichochakaa ardhini, na hubanduka ukivisugua.

5. Hirizi za Misri zenye umbo la mbawakawa

Misri ilipiga marufuku biashara ya mambo ya kale kwa sheria ya 1983, na mafundi wa Luxor wamekuwa wakitengeneza za bandia tangu karne ya 19. Bila karatasi zinazoonyesha ilitoka kabla ya hapo, achana nayo.

Ya mwisho kabisa: mabamba ya udongo ya Iraki, yenye mwandiko wa kikabari (alama za kale zenye umbo la kabari)

Usinunue. Azimio 1483 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2003, linataka mali ya kale iliyotolewa Iraki kinyume cha sheria tangu Agosti 1990 irudishwe. Mwaka 2017 kampuni ya Hobby Lobby ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 3 na kusalimisha maelfu ya vitu vya kale vilivyotoka Iraki. Baadhi ya vifurushi vilikuwa vimeingizwa kwa maandishi kwamba ndani ni vigae.