Kala KA-15S: ukulele (gitaa dogo la nyuzi nne) nzuri ya kuanzia kodi (chords, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja)
Soprano hii (saizi ndogo ya ukulele) ya mahogani yenye freti 12 (vyuma vyembamba vinavyogawa shingo yake) inamfaa sana anayeanza. Nyuzi zake za kampuni ya Aquila haziumizi sana vidole, ila zikiwa mpya hulegea kwa siku kadhaa. Zityuni kwa noti G-C-E-A (kila uzi huitwa kwa noti yake) kila unapoishika, la sivyo hata kodi sahihi itasikika mbovu. Anza na kodi ya C: kidole cha pete, uzi wa A, freti ya 3, basi. Am (A minor) ni kidole cha kati, uzi wa G, freti ya 2. Ongeza cha shahada kwenye E, freti ya 1, umepata F. Kazi ipo kwenye kodi ya G, maana freti zimebanana na vidole vitatu hugusa nyuzi jirani, sauti inakufa. Simamisha ncha za vidole, bonyeza karibu kabisa na chuma cha freti. Mwenye vidole vinene achukue KA-15C, kubwa kidogo.