Kupiga mstari chini ya maneno: Word, LibreOffice, Docs na wenzake, maoni ya mchapaji wa Mwanjelwa

Wakuu, mimi ni mchapaji steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kazi zinazoingia ni zilezile mwaka mzima, barua ya kuomba kazi, barua ya serikali ya kijiji, mtihani wa darasa la nne, muhtasari wa kikao, kadi za michango ya harusi. Zote zina sehemu lazima ipigwe mstari. YAH ya barua, yaani kile kichwa cha "Yahusu", ikitoka bila mstari chini mzee anakurudishia karatasi hapohapo, hata uiboldi vipi, kwake hiyo sio barua.

Sasa watu wanajua kupiga mstari ni Ctrl+U basi. Kubonyeza kweli ni kulekule karibu kila programu, ila kinachofuata kinatofautiana sana, na mimi nazipima kwa kitu kimoja tu: mstari umeshikana na neno au umekaa tu kwenye karatasi? Nikibadili fonti, nikiongeza neno, mteja akasema "hapo toa hilo weka lingine", mstari unafuata au unabaki unaning'inia?

Word naanza nayo maana ndiyo iko kwenye mashine nyingi hapa mjini. Ctrl+U mstari mmoja, hiyo sawa. Wengi hawaijui Ctrl+Shift+W, hii inapiga mstari chini ya maneno tu na nafasi inaziruka, kwa hiyo YAH: MAOMBI YA KAZI YA UDEREVA kila neno linatoka na mstari wake. Vijana wanaipenda, wazee hapana, wanataka mstari unyooke toka Y mpaka mwisho. Ctrl+Shift+D inaleta mistari miwili. Ukitaka wa nukta, wa mawimbi, au mstari mwekundu chini ya maandishi meusi bonyeza Ctrl+D lifunguke dirisha la fonti, aina na rangi unachagua humo. Kinachoniudhi ni herufi zenye mkia, andika Njombe na Kyela kwa herufi ndogo upige mstari uone, mkia wa j na wa y unakatwa na mstari. Kwa herufi kubwa shida hiyo haipo kabisa ndio maana YAH inapendeza.

Shughuli yenyewe iko kwenye mistari ya kujaza. Mwalimu mmoja wa Tukuyu alikuja na flashi, mtihani kachapa mwenyewe nyumbani, juu pameandikwa Jina la mwanafunzi, Darasa, Tarehe, na mbele ya kila moja kajaza kile kistari cha chini, kile cha Shift na kitufe cha deshi, amekibonyeza mpaka kidole kimechoka. Shule wanataka Times New Roman 12, yeye alichapa Calibri 11. Nikabadili fonti na mistari yote ikavurugika, mmoja umedondoka mstari wa chini, mwingine umeishia njiani, upande wa kulia hakuna unaolingana na mwenzake. Akaangalia akasema "Dada, mbona imekaa kama meno ya babu?" Nikamwambia mwalimu tulia, hii inatibika.

Wengine ujanja wao ni kuwasha kitufe cha U cha kupiga mstari halafu kubonyeza nafasi nyingi. Katikati ya mstari inakubali, ila mwisho wa mstari Word haichori chini ya nafasi zilizobaki mpaka uingie File, Options, Advanced, ushuke chini kabisa uweke tiki kwenye Draw underline on trailing spaces, na hata hapo ukibadili fonti unarudi kulekule. Dawa ni Tab. Unafungua dirisha la Paragraph, chini kushoto kuna kitufe cha Tabs, unaandika mstari uishie wapi, mfano sentimita 15, unachagua upande wa kulia, halafu kwenye Leader unachagua namba 4, ule mstari mzima. OK. Ukirudi unaandika Jina la mwanafunzi, unabonyeza Tab mara moja tu na mstari unajichora wenyewe mpaka pale ulipopangia. Badili fonti, ongeza "kamili" baada ya Jina, mstari unajipunguza na mwisho wake hausogei. Hapo mwalimu akavuta kiti akaomba nirudie taratibu anakili kwenye daftari.

Kuna mtego mwingine wa Word unaowatesa watu sana. Andika hivyo vistari vya chini vitatu ubonyeze Enter, unageuka mstari mnene wa ukurasa mzima, na ukijaribu kuufuta kwa Backspace haufutiki, watu wanafungua faili jipya kabisa kisa huo mstari. Ule sio maandishi, ni ukingo wa aya, kwa hiyo weka kasa, kile kijistari kinachowakawaka unapoandika, kwenye aya iliyo juu yake, nenda kwenye Borders chagua No Border. Au ukitokea tu piga Ctrl+Z fasta, vinarudi vistari vyako.

Halafu ile mistari myekundu ya mawimbi. Mama akikaa pembeni yangu akaona barua yake ya Kiswahili imejaa wekundu anaingiwa na wasiwasi, "mwanangu, hiyo itatoka hivyo?" Haitoki mama, hiyo ni kompyuta inadhani tunaandika Kiingereza vibaya. Chagua maandishi yote, nenda Review, Language, Set Proofing Language, weka tiki kwenye Do not check spelling or grammar, mteja anatulia.

LibreOffice niliiweka kwenye mashine ya pili kwa sababu ni ya bure, sikuitegemea sana, na kwa kazi hii ya mistari imenishangaza. Ctrl+U ni ileile ila Ctrl+D hapa ni mistari miwili papo kwa papo, kwa hiyo ukitoka Word umezoea Ctrl+D inafungua dirisha utashangaa kichwa cha barua kimepata mistari miwili. Dirisha lake liko Format, Character, Font Effects, na humo kuna kisanduku cha Individual words cha kupiga maneno tu. Kuna na kitu ambacho Word haina kwenye dirisha lake la fonti, mstari wa JUU ya herufi. Utasema wa nini? Vijana wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Iyunga, wanaosoma elektroniki wanaandika A yenye mstari juu kila siku kwenye saketi zao za mantiki, kwenye Word inabidi uingie kwenye Equation ndio uipate, huku ni kubofya tu. Mistari ya kujaza nayo ipo, ni Format, Paragraph, Tabs, unachagua fill character. Tatizo ni moja, mteja akiondoka na faili akalifungue Word ofisini kwao mpangilio unaweza kusogea kidogo, kwa hiyo mpe PDF.

Google Docs sina mengi ya kusema. Mstari mmoja, Ctrl+U, rangi yake inafuata ya herufi, mistari miwili haipo, ya nukta haipo. Kwa watu wanaoandika ripoti wakiwa sehemu tofauti ni nzuri sana ila kwa barua yenye masharti au mtihani wa kujaza mimi siigusi.

Kwenye simu wateja wengi wanakuja na WPS, programu ya kuandikia kama Word, kitufe cha U kipo na kinafanya kazi, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni WhatsApp. Mtu anakutumia barua nzima kule halafu anasema "YAH uipigie mstari kama nilivyoweka", ukiangalia hakuna mstari, kuna maneno yamelala, maana WhatsApp haina kabisa mstari wa chini, vile vistari ukiviweka mwanzo na mwisho wa neno vinalaza herufi tu. Nyota inaboldi, kiwimbi kinapitisha mstari katikati ya neno kama limefutwa. Telegram ndio wanao, lakini nani anatuma barua ya kazi kwa Telegram hapa Mbeya.

Anayejaza fomu ya ajira mtandaoni naye asijisumbue. Vile visanduku vingi vinapokea maandishi matupu, na kwenye Chrome au Firefox ukipiga Ctrl+U humo linafunguka tabo jipya limejaa msimbo wa ukurasa, yale maandishi ya kompyuta yanayoutengeneza. Nimeona kijana amesukuma kiti nyuma akidhani amedukua mtandao wa serikali. Funga hilo tabo uendelee kujaza, fomu yako iko palepale.

Excel ni ya waweka hazina wa vikoba. Ctrl+U ipo, Ctrl+4 nayo inafanya hivyohivyo, na kimshale pembeni ya U kinatoa mistari miwili ya kuweka chini ya jumla. Kwa hela mimi nachagua ile ya Double Accounting kwenye Format Cells, inakaa chini zaidi haigusi koma za maelfu, jumla inasomeka. Ila kumbuka U inapiga chini ya kilichoandikwa, seli tupu haipati kitu, kwa hiyo safu za wanachama kujaza kwa mkono tumia Borders.

Photoshop kwa kadi za michango, ukiwa ndani ya maandishi ni Ctrl+Shift+U. Ukiwa nje ya maandishi vitufe hivyohivyo vinatoa rangi kwenye picha, bibi harusi anageuka mweusi na mweupe, Ctrl+Z haraka kabla mteja hajaona.

Na wale wanaouliza WordPad imeenda wapi, Windows 11 toleo la 24H2 la mwaka 2024 imeiondoa. Ilikuwa na U yake nzuri tu kwa barua fupi. Kwa asiye na Word ya kulipia namwambia achukue LibreOffice, kwa barua na mitihani naipa 8 kwa 10, Word naipa 9 kwa sababu tu ofisi karibu zote unakoipeleka barua wanafungulia Word, Docs 5. WhatsApp siipi kitu, mtu anitumie sauti tu nitachapa mwenyewe.