Ukaazi wa kidijitali wa Estonia: serikali inapouza huduma zake kwa wageni

Estonia, nchi ya watu takriban milioni 1.3 kando ya Bahari ya Baltiki, ilizindua Desemba 2014 kadi ya utambulisho wa kidijitali kwa wageni, na tangu hapo zaidi ya watu 100,000 wamepata njia ya kusajili na kuendesha kampuni ndani ya Umoja wa Ulaya bila kuhamia huko. Kwa utendaji, huduma hii inastahili sifa: mwombaji hujaza fomu mtandaoni, hufanyiwa uchunguzi, huchukua kadi ubalozini, kisha hutia sahihi zenye nguvu ya kisheria akiwa popote. Kivutio kikubwa ni kodi, kwani faida ya kampuni haitozwi mpaka igawiwe kwa wanahisa.

Jina la huduma, hata hivyo, linaahidi zaidi ya kilichomo. Kadi haitoi uraia, viza wala haki ya kuishi Ulaya, na haimwondolei mtu wajibu wa kodi katika nchi anakoishi. Benki nazo ni kikwazo: benki za Estonia hutaka kuona uhusiano wa kweli na nchi hiyo, hivyo wengi huishia kutumia kampuni za malipo za mtandaoni. Aidha, anayeongoza kampuni kutoka nje hulazimika kulipia anwani na mtu wa mawasiliano nchini humo, gharama ambayo biashara changa huihisi.

Kwa maoni yangu, huduma hii inamfaa mshauri au mtengenezaji wa programu mwenye wateja Ulaya. Mfanyabiashara ambaye wateja wake wote wako nyumbani hataambulia kitu.