Kozi ya jamii kamilifu za kubuni: uzoefu wangu

Nimemaliza kozi ya mtandaoni kuhusu jamii kamilifu walizobuni wanafalsafa na waandishi, na naipendekeza. Hatukulishwa muhtasari. Kila somo lilikuwa na kurasa za kitabu chenyewe na swali lilelile: katika nchi hii njema, kazi chafu anaifanya nani?

Swali hilo lilinibadilishia usomaji. Katika kisiwa cha Utopia alichokibuni mwandishi Mwingereza Thomas More mwaka 1516, watu hufanya kazi saa 6 kwa siku, fedha haitumiki, na dhahabu hudharauliwa hadi hutengenezewa vyombo vya haja. Unasoma ukitamani kuhamia huko, halafu unakutana na watumwa waliofungwa minyororo ya dhahabu hiyohiyo. Wao ndio wanaochinja wanyama, ili raia wasipoteze huruma. Huruma ya raia inalindwa kwa mikono ya mtumwa! Mjadala wetu juu ya ukurasa huo ndio uliokuwa mkali kuliko yote. Tuliporudi kwa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ambaye walinzi wa mji wake wa kubuni, yaani watawala na askari, hawana mali wala familia ya binafsi, tuliona jinsi wakulima na mafundi wanaowalisha walivyoelezwa kwa ufupi.

Rokeya Hossain, mwandishi wa kike wa Bengali, naye alinifurahisha sana. Katika hadithi yake ya mwaka 1905 wanawake wanaongoza nchi, wanaume wanatawishwa ndani, na chakula kinapikwa kwa joto la jua.

Al-Farabi, mwanafalsafa wa Kiislamu wa zama za kati, amepitiwa mbiombio, na hilo limeniuma. Mji wake mwema, ambamo watu husaidiana kama viungo vya mwili wenye afya, ulistahili somo zima. Shaaban Robert hayumo kabisa, ilhali riwaya yake Kusadikika ingefaa mno: Karama anashtakiwa, na katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe waliotumwa kutafuta mema ya nchi nyingine, wakarudi wakatupwa gerezani. Majaribio nayo ni dhaifu, yanauliza miaka na majina tu.

Ukijiunga, usiiache sehemu ya kwanza ya kitabu cha More, ingawa kozi inaanzia ya pili. Humo anahoji kwa nini Uingereza iliwanyonga wezi waliokuwa wamenyang'anywa mashamba ili kondoo wapate malisho. Ukianzia hapo, utaelewa kwa nini kisiwani ardhi haina mwenyewe.